Unafundisha lakini si mhadhiri: mwongozo kamili wa kuandaa jalada hadi kazi yako itambuliwe

Tangu Januari zimepita mezani kwangu barua saba za watumishi wa vyuo vya Mtwara na Lindi. Zote zinaomba jambo moja: kazi wanayoifanya itambuliwe. Sita zimejibiwa kwa sentensi moja, kwamba ombi limepokelewa na linafanyiwa kazi, kisha kimya. Ya saba haikujibiwa kabisa.

Walioziandika nawafahamu kwa kazi zao. Yupo mtaalamu wa maabara, ambaye ndiye anayewashika wanafunzi mkono siku yao ya kwanza mbele ya hadubini. Yupo mratibu wa fildi anayewatafutia vijana nafasi Newala, Masasi na Nachingwea, kisha anawafuata huko huko kuwasimamia. Yupo kijana wa TEHAMA anayekaa na wahadhiri hadi usiku kupanga masomo ndani ya Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni. Kwenye orodha ya mishahara wote ni waendeshaji, si wanataaluma. Wanafunzi wanawaita mwalimu.

Mimi ni mkutubi, na barua yangu ya kwanza ilikwama vile vile. Nilipoisoma tena baada ya miaka miwili niliona sababu: kurasa tatu za uchungu, na hakuna karatasi hata moja iliyoambatishwa. Barua hizi saba zina ugonjwa huo huo. Waandishi walianza na barua, wakati barua inatakiwa kuja karibu na mwisho. Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake.

## Mahitaji

Kusanya hivi kabla ya kuandika chochote:

- Barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, na kila barua ya kuteuliwa kwenye kamati au uratibu.
- Muundo wa utumishi wa kada yako, pamoja na mwongozo wa chuo wa kupandisha vyeo. Vyote vipo ofisi ya rasilimali watu. Omba kwa dokezo fupi, usiombe kwa mdomo.
- Tathmini zako za utendaji za miaka mitatu. Chuo cha umma zitakuwa kwenye PEPMIS, mfumo wa serikali wa kielektroniki wa kupima utendaji wa mtumishi, na za nyuma zaidi kwenye fomu za OPRAS, utaratibu uliotangulia. Chuo binafsi, tumia fomu zao.
- Ratiba za vipindi za mihula miwili iliyopita.
- Daftari la kaunta, au jedwali kwenye kompyuta.
- Jalada lenye vigawanyo vitatu, flashi, na nakala ya pili mtandaoni. Unyevu wa pwani unaijua karatasi, na flashi hufa bila kuaga.

Jipe miezi mitatu. Ukiweza, panga jalada likamilike kabla ya Julai, kwa kuwa mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai 1 na malengo mapya ya kazi huingizwa wakati huo.

## Hatua ya 1: Chagua mlango mmoja

Neno "kutambuliwa" limebeba maombi matatu tofauti, na kila moja lina ofisi yake. Kati ya barua saba, tano ziliomba yote matatu kwa pamoja. Barua ya namna hiyo haina mtu wa kuijibu.

Mlango wa kwanza ni kutajwa. Unataka jina lako lionekane kwenye kazi uliyoshiriki: makala ya utafiti, mwongozo wa maabara, kozi ya mtandaoni, ripoti ya mradi. Hapa unazungumza na kiongozi wa kazi hiyo na mkuu wa idara. Ndio mlango mwepesi kuliko yote, na ndio ambao watu huuruka.

Mlango wa pili ni kupanda ndani ya kada yako. Unabaki mkutubi au mtaalamu wa maabara, lakini kazi ya kufundisha inahesabiwa unapopimwa. Hapa unazungumza na mkuu wako wa kitengo, kisha rasilimali watu.

Mlango wa tatu ni kubadilishiwa kada, yaani kuhamia upande wa wanataaluma. Huu una vizingiti visivyolegezwa na miaka ya utumishi. Matangazo ya ajira ya vyuo vikuu vya umma kwa kawaida hutaka GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza kwa Mkufunzi Msaidizi, na 4.0 ya uzamili kwa Mhadhiri Msaidizi. Chukua vyeti vyako, soma tarakimu, amua.

Tahadhari: usichague mlango wa tatu kwa sababu tu ndio wenye heshima machoni pa watu. Nimeona mtaalamu wa maabara mwenye mkono wa dhahabu akipoteza miaka minne akibisha hapo, wakati kwenye kada yake palikuwa na ngazi mbili juu yake ambazo hakuwahi kuziomba.

Hatua hii imekamilika ukiweza kusema ombi lako kwa sentensi moja, na mtu asiye wa chuoni akaelewa.

## Hatua ya 2: Pima karatasi dhidi ya kazi

Chukua orodha ya majukumu iliyo kwenye barua yako au kwenye muundo wa utumishi. Pembeni andika kazi zote unazozifanya kweli. Kisha tumia alama tatu:

- K kwa kazi iliyoandikwa na unayoifanya.
- N kwa kazi unayoifanya lakini haikuandikwa popote.
- X kwa kazi iliyoandikwa lakini huifanyi.

Kila mtu hukimbilia N, maana ndiko uliko uchungu wake. Anza na X. Kama kuna jukumu lako halisi limelala kwa sababu muda wote uko darasani, afisa utumishi ataliona ndani ya dakika tano na litakuwa hoja dhidi yako. Lifanye, au likabidhi kwa mwenzako kwa dokezo lililosainiwa.

Kwa kila N, andika nani alikuagiza. "Dokta aliniomba" haitoshi. Tafuta barua, muhtasari wa kikao, ratiba, hata ujumbe wa baruapepe. N isiyo na mwagizaji husomeka kama kazi uliyojipa mwenyewe.

## Hatua ya 3: Andika daftari la kazi kwa wiki nane

Kila siku, mistari miwili tu: umefanya nini, na nani, kwa muda gani, kimeacha kitu gani. Usisubiri Ijumaa kwa kuwa utakumbuka makubwa na kusahau yale ambayo ndiyo kazi yako yenyewe.

Chagua wiki ambazo chuo kiko kwenye vipindi. Daftari la wakati wa mitihani halionyeshi kitu.

Mwenye kufanya kazi chuo cha umma aingize kazi hizi pia kwenye PEPMIS, akikubaliana na msimamizi wake. Kazi iliyopitishwa na msimamizi ndani ya mfumo ina uzito kuliko daftari lako, na daftari la kaunta libaki kuwa kumbukumbu yako binafsi.

## Hatua ya 4: Geuza kazi kuwa ushahidi

Hapa ndipo barua nyingi hufa, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwa kila kazi kubwa, andika karatasi ya ukurasa mmoja yenye vichwa vitano. Usizidishe kazi nne. Kamati haisomi ya tano.

Nitaonyesha kwa mfano wa maabara. Hivi ndivyo ilivyokuwa sentensi kwenye barua ya awali:

"Nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi maabara kwa muda mrefu kwa moyo wa kujituma."

Ni kweli tupu, na haina matumizi. Moyo haupimwi na kamati. Na neno "nikiwasaidia" limemshusha mwenyewe: anayefundisha kaandika kwamba anasaidia. Sasa tazama karatasi yake mpya, ambayo tarakimu zake nimeziweka za mfano:

Tatizo. Wanafunzi waliokuwa wakichunguza ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, walileta majani na maua yaliyoharibika njiani. Sampuli 14 tu kati ya 35 zilisomeka kwenye hadubini.

Nilichofanya. Niliandika mwongozo wa kurasa 4 wa kuchukua, kufunga na kusafirisha sampuli kutoka shambani. Niliufundisha kwa vipindi viwili vya saa mbili kabla ya fildi ya Julai, wakati mikorosho inatoa maua na ugonjwa unaonekana vizuri.

Kilichobadilika. Mwaka uliofuata sampuli 31 kati ya 36 zilisomeka. Mwongozo sasa unatumika na mwaka wa pili pia.

Ushahidi. Mwongozo wenye tarehe. Ratiba ya vipindi yenye jina langu. Kurasa za daftari la maabara la miaka yote miwili.

Anayethibitisha. Mhadhiri wa somo.

Kila kichwa kina sababu yake. "Tatizo" linaonyesha kwamba kazi ilihitajika na chuo. "Kilichobadilika" ndicho kichwa ambacho hakikuwamo kwenye barua yoyote kati ya zile saba, na ndicho kamati inachokitafuta. "Nilichofanya" kiandikwe kwa vitenzi vya ufundi: nilibuni, niliandika, nilifundisha, nilisahihisha, nilisimamia. Sema sehemu yako tu. Kama mhadhiri ndiye aliyechagua mada, liandike hilo waziwazi, maana ndiye huyo huyo utakayemwomba athibitishe.

Kama huna tarakimu, tumia kitu kinachoonekana: kabla na baada. Kozi ya mtandaoni iliyokuwa na faili tano za kusoma sasa ina maswali ya kujipima kila wiki. Piga picha za skrini, weka tarehe.

### Kazi iliyofanyika bila karatasi

Nyingi ndivyo zilivyo. Kimbunga Hidaya kilipopita Mei 2024 na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika huko Somanga, wilayani Kilwa, mratibu mmoja ninayemfahamu alikuwa na wanafunzi wa fildi pande zote mbili za mahali hapo. Alihamisha vituo, akabadili tarehe za usimamizi, akawatafutia wengine wasimamizi wa hapo hapo walipo. Yote kwa simu. Hakuna mwanafunzi aliyerudia fildi, na hakukuwa na karatasi hata moja.

Tulikaa siku mbili. Tulitoa ujumbe wa WhatsApp, tukaupanga kwa tarehe, akaandika taarifa ya kurasa mbili, mkuu wa idara akaisoma na kuisaini. Ikawa ushahidi halali, kwa sababu ilisema ukweli kuhusu lini iliandikwa.

Tahadhari mbili hapa, na zote nzito. Usirudishe tarehe nyuma kwenye hati yoyote. Ukikamatwa na moja, jalada zima limekufa na jina lako nalo. Pili, futa majina, namba za usajili na namba za simu za wanafunzi kabla ya kuambatisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawalinda, na hata isingekuwapo, hawakukutumia shida zao ili uzipeleke kwenye kamati.

Hatua hii imefaulu mtu wa idara nyingine akisoma karatasi yako kwa dakika mbili na kukueleza ulichofanya bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 5: Jina lako kwenye utafiti

Fungua namba ya ORCID leo, yaani namba ya kumtambulisha mtafiti. Ni bure, ina tarakimu 16, na inakufuata hata ukihama chuo au ukibadilisha jina baada ya ndoa. Weka humo miongozo na seti za data ulizochapisha. Ukiupandisha mwongozo wako kwenye Zenodo, hifadhi ya mtandaoni ya kazi za utafiti, utapewa DOI, yaani namba ya kudumu ambayo mtu anaweza kuinukuu. Omba kwanza ruhusa ya chuo, kwa kuwa kazi uliyoifanya kazini inaweza kuwa mali ya mwajiri.

Halafu jifunze kutofautisha uandishi na mchango. Majarida mengi ya tiba hufuata masharti ya ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida hayo, ambayo ni manne: kuchangia kwa kiasi kikubwa wazo, usanifu au data, kuandika au kuhakiki rasimu kwa kina, kuidhinisha nakala ya mwisho, na kukubali kuwajibika kwa kazi hiyo. Mwandishi lazima atimize yote. Ukiwa umetayarisha sampuli tu, unastahili kutajwa kwenye shukrani, na si haki yako kuwa mwandishi. Lakini kama ulichangia data kwa kiasi kikubwa, ukaandika sehemu ya mbinu, ukahakiki rasimu, na uko tayari kuidhinisha nakala ya mwisho na kuwajibika, usikubali kuishia kwenye shukrani.

Majarida mengi pia hutumia orodha ya CRediT, yenye aina 14 za mchango: kubuni wazo, kutengeneza mbinu, kufanya uchunguzi, kutunza data, kutengeneza programu, kuhakiki matokeo, kutafuta fedha, kusimamia mradi na nyinginezo. Orodha hii ni rafiki yako. Soma zote 14 na uweke tiki kwenye zako kabla ya mazungumzo.

Mazungumzo yenyewe yafanyike kabla ya kazi kuanza. Baada ya makala kupelekwa jaridani, yanageuka kuwa malalamiko. Watu wengi wananiambia wanaona aibu kumwambia Dokta. Sema hivi:

"Shikamoo Dokta. Nimeusoma mpango wa kazi na niko tayari. Kabla hatujaanza kuchukua sampuli, naomba tukubaliane nani anafanya nini na atatajwaje kwenye makala. Nimeandika mapendekezo nusu ukurasa, naomba uyapitie."

Hamna utovu wa adabu hapo. Wengi watakubali, na baadhi watashukuru kwamba mtu ameianza mada ambayo nao wameikwepa. Akikubali kwa mdomo, jioni mtumie baruapepe ya mistari mitatu: "Asante Dokta, kama tulivyokubaliana leo..." Hiyo baruapepe ndiyo makubaliano.

Kuna pia utambuzi wa nje. Advance HE, taasisi ya elimu ya juu ya Uingereza, ina ngazi nne za ufelo (fellowship) kwa wanaofundisha na wanaowezesha ujifunzaji, wakutubi na wataalamu wa maabara wakiwemo. Utambuzi huo una gharama, na hauchukui nafasi ya kigezo chochote cha chuo chako. Usiufuate kabla hujamaliza jalada.

## Hatua ya 6: Mashahidi watatu

Tafuta mmoja wa juu yako, mmoja wa ngazi yako kutoka idara nyingine, na mmoja aliyefaidika na kazi. Huyo wa tatu anaweza kuwa msimamizi wa kituo cha fildi, au mhitimu aliyeko kazini. Mwanafunzi unayemsahihishia bado usimwombe, kwa kuwa hana uhuru wa kukukatalia.

Usimwambie shahidi "niandikie barua nzuri." Mpe karatasi moja ya Hatua ya 4 na umwombe athibitishe mambo mawili tu: kwamba kazi hii ilifanyika, na kwamba wewe ndiye uliyeifanya. Barua ya aya mbili yenye mambo mahususi inazidi ukurasa mzima wa "ni mchapakazi na mwadilifu".

## Hatua ya 7: Sasa andika barua

Ukurasa mmoja. Ipitishe kwa mkuu wako ("Kupitia kwa..."), maana barua iliyoruka ngazi hurudishwa chini na inafika ikiwa imeshamuudhi mtu.

Aya ya kwanza: ombi, sentensi moja, ile ya Hatua ya 1. Aya ya pili: kifungu cha muundo au mwongozo unachokitegemea, kwa namba yake. Aya ya tatu: kazi nne kwa sentensi nne, kila moja ikielekeza kiambatisho. Aya ya nne: unachoomba kifanyike na nani.

Ondoa miaka ya subira na majina ya waliopandishwa kabla yako. Najua yanauma. Yameniuma mimi. Lakini ukimtaja mwenzako, kamati itaacha kujadili kazi yako na kuanza kumjadili yeye.

Ondoa pia maneno ya vitabuni. Mtafiti Celia Whitchurch mwaka 2008 aliwaita watumishi wa aina yetu watu wa nafasi ya tatu, kati ya taaluma na uendeshaji, na jina hilo limewapa wengi faraja. Kwenye barua halina kifungu cha kusimamia.

Kama kifungu hakipo kabisa, badilisha ombi. Omba orodha yako ya majukumu ihuishwe ili iingize kazi zenye alama N. Mkuu wa kitengo anaweza kulianzisha hilo mwenyewe, na mwaka unaofuata utapimwa kwa kazi yako halisi.

## Hatua ya 8: Fuatilia kwa maandishi

Peleka masjala, pata mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, andika namba ya kumbukumbu. Barua uliyoiacha kwa katibu muhtasari bila mhuri haijapelekwa.

Siku 30 zikipita, andika dokezo la mistari mitatu ukitaja namba hiyo. Siku 60, omba kuonana na afisa utumishi ukiwa na jalada mkononi. Wakati huo ndio wa kuwashirikisha viongozi wa tawi la chama chako cha wafanyakazi, THTU au RAAWU. Kuwatanguliza kabla ya barua kufika hugeuza ombi kuwa mgogoro.

Ukikataliwa, uliza jambo moja kwa maandishi: ni kigezo kipi sijakitimiza? Jibu likija, liweke kwenye kigawanyo cha kwanza cha jalada. Likiwa ni cheti, unajua cha kusomea. Likiwa ni ushahidi, rudi Hatua ya 4 na kazi hiyo moja. Likiwa ni "haipo kwenye majukumu yako", peleka ombi la kuhuisha majukumu wiki hiyo hiyo.

Ukikubaliwa, hakikisha uamuzi umeingia kwenye jalada lako la ofisini, na kazi ile imeandikwa kwenye malengo yako ya mwaka mpya. Yule mratibu wa Somanga alipewa barua ya pongezi na uratibu rasmi, lakini malengo yake ya Julai yakabaki yale ya zamani. Tulirudi ofisini Agosti kuyarekebisha.